Feni inanguruma, laptopu inachoma: kabla hujanunua nyingine

Swali

"Fundi, habari ya kazi. Ninaishi Umoja, Nairobi, chumba kimoja, na riziki yangu ni kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika. Kazi naifanya usiku watoto wakishalala. Laptopu yangu ni HP EliteBook 840 G3 ya i5, niliinunua mjini mwaka 2021 ikiwa ex-UK, yaani imetumika Uingereza. Tangu Januari feni inanguruma kama poshomili, upande mmoja wa kibodi unachoma vidole, mashine inakuwa nzito, na juzi ilijizima katikati ya mkutano wa Zoom. Fundi wa kwanza aliipuliza ikatulia wiki mbili, ikarudia. Wa pili anasema bodi imeisha, ninunue nyingine. Kijana wa jirani ananiambia kuna programu ya kupunguza mwendo wa feni nipate utulivu. Nimfuate nani?"

Jibu

Dada yangu, kati ya hao watatu, wa kutomsikiliza kabisa ni huyo kijana wa jirani, ingawa najua alikusudia kukusaidia. Feni haipigi kelele kwa kupenda kwake, inatumwa. Ndani ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, mna vipimo vya joto, na joto likipanda feni huamrishwa iongeze mwendo. Ukiilazimisha iende polepole utapata kimya, lakini joto litakuwa limo humo humo, na sasa halina wa kulitoa. Mashine itakuzimikia tena, na safari hiyo hata mngurumo wa kukuonya hutausikia.

Huyo aliyesema bodi imeisha, mwulize alipima nini. Bodi ni ule ubao mkuu unaoshika vyote, na iliyokufa haiwaki, au inawasha taa tu na kioo kinabaki cheusi. Yako inawaka, inafungua Zoom, inapata moto, ndipo inazima. Hiyo ni tabia ya mashine inayojilinda. Prosesa utakayoikuta kwenye 840 G3 nyingi za i5 ni i5-6200U au i5-6300U, na Intel wameziwekea mpaka wa nyuzi 100 za Selsiasi. Zikiukaribia hujipunguzia kasi, na huo ndio uzito unaouona. Joto likizidi hapo, mashine hujikatia stima kabla kitu hakijaungua. Kwa hivyo juzi kwenye Zoom haikufa. Ilijiokoa.

Kabla sijakueleza la kufanya, naomba usiku wa leo uniangalizie mambo mawili. Ifunge laptopu, iweke juu ya meza iliyo sawa, uitazame kwa ubavu. Ikiwa inayumba, au tumbo limetuna, au kile kibao cha kuchezesha mshale kimeinuka ama kimekuwa kigumu kubonyeza, betri imefura. Hapo chomoa chaja, acha kuitumia, usiibonyeze irudi na wala usiitoboe, maana betri ya lithiamu ikitobolewa hushika moto. Ipeleke itolewe. Betri zikizeeka hufura, na joto unaloniambia ndilo linaloziharakisha. Jambo la pili ni kazi zako: nakili kila faili la mteja kwenye flashi au uliweke mtandaoni leo, usingoje Jumamosi utakapokwenda kwa fundi. Mashine inayojizima ovyo inaweza kukuharibia faili ulilokuwa umelifungua, na ikiwa bado ina diski ya zamani ya kuzunguka, huenda zile tik-tik unazodhani ni feni ni diski inayokuaga.

Sasa tuisikilize hiyo poshomili. Zima kila kitu kinachopiga kelele chumbani, uweke sikio karibu. Ukisikia upepo mwingi tu, kama dirisha la matatu lililoachwa wazi Thika Road, feni ni nzima na inakimbia kwa sababu ya joto. Ukisikia kukwaruza, kama kijiko kinachosuguliwa chini ya sufuria, hasa mashine inapoanza kuwaka ikiwa baridi, beringi ya feni imekauka mafuta. Tak-tak-tak za haraka ni waya au taka inayogusa mabawa, au bawa lililovunjika. Na ukisikia mluzi mwembamba unaobadilika unaposogeza ukurasa juu na chini, hiyo si feni kabisa. Ni koili ndogo kwenye bodi zinazotetemeka kadiri stima inavyopita, na hazina madhara. Nimewaona watu wakibadilisha feni mbili wakiutafuta mluzi huo.

Baada ya hapo fanya jaribio ambalo huwa nalifanya mbele ya mteja kabla sijagusa bisibisi. Kata ukanda mwembamba wa tishu, upana wa kidole, uushike mbele ya matundu ya ubavuni ambako upepo wa moto hutokea, wakati feni inanguruma. Utazame tishu, halafu uweke kiganja.

Tishu ikisogea kidogo tu na feni inalia kwa nguvu zote, njia imeziba. Tishu ikipepea vizuri na upepo ni wa moto sana, njia iko wazi na joto linatoka. Basi swali ni kwa nini prosesa inafanyishwa kazi kubwa hivyo. Tishu ikipepea vizuri, upepo ukiwa vuguvugu tu, na huku ndani prosesa inasoma nyuzi 95, basi joto halifiki kwenye feni. Limekwama kati ya prosesa na bomba la shaba linalolitoa, na hapo ugonjwa ni pesti iliyokauka, ule ute unaopakwa kati yao ili joto livuke, au skurubu zilizolegea. Majibu hayo matatu yanatibiwa kwa njia tatu tofauti, na fundi asiyejua lipi ni lako atakutibu kwa kubahatisha.

Ili kuisoma hiyo namba ya ndani, weka programu ya bure iitwayo HWiNFO au Core Temp, uipakue kwenye tovuti yenyewe ya walioitengeneza. Mashine ya umri wa yako ikiwa haifanyi kitu, nyuzi 40 hadi 55 si mbaya. Ukiwa kwenye Zoom, 70 na kitu hadi 80 na kitu ni ya kuvumilika. Ikikaa 95 na kuendelea hata ukiwa unaandika tu, ina tatizo. Huku ukiiangalia, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ifunguke orodha ya programu zinazofanya kazi, kisha ubonyeze juu ya safu ya CPU, yaani prosesa, ili wanaokula nguvu wapande juu. Subiri dakika kumi baada ya kuiwasha, maana Windows ikiamka huwa inakagua virusi na kutafuta masasisho. Baada ya hapo, ikiwa hujafungua kitu na CPU bado imeshika asilimia 40 au 60, kuna programu ndani inayofanya kazi usiyoituma. Mara nyingi ni kivinjari chenye kurasa thelathini zilizosahaulika. Wakati mwingine ni programu iliyokuja pamoja na Office ya wizi aliyokuwekea muuzaji, na hiyo naichukia hasa, kwa sababu kuna zinazotumia prosesa yako kuchimba sarafu za mtandaoni za mtu mwingine huku bili ya stima ikija kwako.

Lakini kwa maelezo yako, hasa zile wiki mbili za nafuu, mimi naweka dau langu kwenye njia iliyoziba. Ngoja nikueleze kinachotokea humo ndani, kwa sababu ukikijua hakuna atakayekudanganya tena.

Feni ya laptopu hunyonya hewa kutoka chini ya mashine na kuitema kwa ubavu. Kabla hewa haijatoka nje, hupita katikati ya mapezi membamba ya chuma yaliyopangana kama kurasa za daftari. Joto la prosesa linaletwa kwenye mapezi hayo na bomba la shaba lililopondwa bapa. Hewa inaweza kupita kwenye mapezi. Nyuzi za blanketi haziwezi, wala nywele, wala manyoya ya zulia. Zinanasa kwenye uso wa ndani wa mapezi, pale yanapotazamana na feni. Mwanzoni ni utando kama wa buibui. Vumbi linanasa kwenye utando, na baada ya miaka miwili au mitatu linakuwa gamba la kijivu ambalo unaweza kuliinua kwa kibanio likatoka zima, laini kama kipande cha blanketi. Ukiitazama mashine kwa nje matundu ni safi kabisa. Gamba liko ndani, nyuma ya mapezi.

Basi fundi akija na blowa akapuliza kutoka nje, analisukuma gamba lirudi kwenye nyumba ya feni. Hewa inapita, mashine inapoa, unalipa, unaenda nyumbani umefurahi. Gamba halijatoka. Feni inalizungusha, inalivunjavunja, na pole pole inalirudisha palepale lilipokuwa. Wiki mbili zako hazinishangazi hata kidogo.

Pia kupuliza kwenyewe kuna hatari yake. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii niliielekeza kompresa kwenye feni ya mteja bila kuizuia isizunguke. Ilizunguka kwa kasi ambayo haikutengenezewa, ikitoa mlio mkali, nami nikadhani naisafisha vizuri. Baada ya siku nne mteja akarudi, feni ikisaga. Beringi ilikuwa imekwisha, nikamnunulia nyingine kwa pesa yangu. Tangu siku hiyo sipulizi feni yoyote kabla sijayashika mabawa kwa kijiti cha meno, na mashine ikiwa imechomolewa betri.

Usafi unaokufaa ni huu. Kifuniko cha chini kifunguliwe, waya wa betri uchomolewe kwenye bodi kabla ya chochote kingine, kisha feni yenyewe itolewe mahali pake hadi uso wa ndani wa mapezi uonekane. Gamba liinuliwe kwa mkono au kwa kibanio. Mapezi yapigwe brashi laini ya rangi iliyo kavu na mpya, ndipo upepo upitishwe. Mabawa ya feni yapanguswe moja moja, kwa sababu vumbi lisilo sawa kwenye mabawa huifanya feni itetemeke, na kutetemeka huko ni kelele pia. Mwombe fundi akuoneshe alichokitoa. Kama ulikuwa na gamba na yeye hana cha kukuonesha, hajafika.

Umesema unaishi chumba kimoja, kwa hivyo unapika humo humo. Wala si aibu, wengi wetu tumeishi hivyo. Ila moshi wa stovu ya mafuta taa na mvuke wa kukaanga vina mafuta, na vumbi lililoshikwa na mafuta halipulizwi likatoka. Linakuwa kama gundi. Hilo litahitaji brashi na spiriti. Ukiwa unapika, izime laptopu, uifunge, uifunike kwa leso au uiingize kwenye mfuko. Usiifunike ikiwa inawaka. Na kama nyumba ina wale mende wadogo wa rangi ya kahawia, mwambie fundi aangalie vizuri, kwa sababu wanapenda joto na giza. Nimefungua mashine nikakuta wametaga chini ya feni, na uchafu wao kwenye bodi unakula nyaya.

Kuna jambo la Nairobi ambalo sisikii likitajwa na mafundi wenzangu. Mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Unajua githeri ya Nairobi inavyochelewa kuiva kuliko ya Mombasa: huku maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, hayafiki 100. Sababu ni kwamba hewa ya huku ni nyepesi, pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko ya pwani. Feni inapozunguka mara elfu moja hapa, inasukuma kiasi kilekile cha nafasi lakini hewa iliyomo ni kidogo, na ni hewa ndiyo inayobeba joto. HP wenyewe wanaruhusu mashine zao zifanye kazi hadi mita 3,048, kwa hivyo mwinuko peke yake haukuharibii kitu. Ila unakupunguzia akiba. Vumbi ambalo mtu wa London angekaa nalo mwaka mzima bila kulisikia, wewe unalisikia mapema. Na mashine za ex-UK zinakuja zikiwa na miaka yao kadhaa ya vumbi la zulia la ofisi, tunawashia hapa juu, tunaongezea la udongo mwekundu na la barabara inayochimbwa. Januari hadi Machi, kabla mvua za masika hazijashika, ndipo benchi langu linapojaa.

Nimetaja bomba la shaba, na huenda utaambiwa limekufa libadilishwe. Ndani yake mna maji kidogo sana, na hewa imenyonywa, kwa hivyo maji hayo yanachemka kwenye joto la chini, kwa kanuni ileile ya sufuria yetu ya githeri, ila kwa kiwango kikubwa zaidi. Yanageuka mvuke upande wa prosesa, mvuke unakimbilia kwenye mapezi, unapoa, unageuka maji, na maji yanarudi yenyewe. Halina kinachozunguka wala kinachochakaa. Lisipopindwa au kutobolewa, bomba hilo linaishi kuliko mashine. Kuwa na shaka na anayetaka kukuuzia jipya.

Kinachozeeka ni pesti. Katikati ya prosesa na sahani ya shaba huwekwa pesti nyembamba ya kuziba vijinafasi visivyoonekana kwa macho, kwa sababu hewa ikibaki humo inazuia joto kuvuka. Mashine yako ni ya toleo la 2016. Kama haijawahi kufunguliwa, pesti yake ni ya kiwandani na imekuwa ngumu kama udongo uliokauka. Kwa kuwa fundi atakuwa amefika karibu hapo, aibadilishe siku hiyohiyo. Ile ya zamani ifutwe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya kidonda ya kwenye kemisti huwa na maji mengi, na baadhi yake huwa na mafuta, kwa hivyo inaacha utando. Pesti mpya ni tone la ukubwa wa punje ya mchele. Skurubu za sahani hukazwa kwa zamu, kwa mfuatano wa namba zilizoandikwa kando yake, kidogo kidogo, ili sahani ikae sawa na isiegemee upande mmoja ikaipasua prosesa. Hapa ndipo nisipokushauri ujifanyie mwenyewe mara ya kwanza. Kutoa feni na kusafisha, ukiwa na bisibisi nzuri na subira, unaweza. Sahani ya prosesa mwachie mwenye mkono uliozoea.

Na pesti yenyewe uichague. Zile sirinji nyeupe zisizo na jina zinazouzwa kwa bei ya chai hukauka baada ya miezi michache na unarudi ulikotoka. Nunua yenye jina, kwenye duka linalokupa risiti, uende nayo mkononi.

Kama kelele ni ile ya kukwaruza, kusafisha hakutoshi, feni inataka kubadilishwa. Usinunue kwa kutazama umbo. Kwenye feni na kwenye kibandiko chake kuna namba ya kipuri. Ipige picha, utafute yenye namba hiyo. Feni zinazofanana kwa macho hutofautiana kwenye plagi na mpangilio wa waya, na isiyo yake inaweza kuzunguka kwa kasi moja siku zote, au mashine ikaandika kosa la feni kila ikiwaka. Wakati unajipanga kwa pesa, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mhimili linaweza kukupa wiki kadhaa za nafuu. Ni tone moja tu, na si mafuta ya kupikia, ambayo yakipata joto yanageuka ulimbo.

Wakati unangoja Jumamosi, kuna vitu viwili vya kubadilisha usivyolipia. Cha kwanza kimo ndani ya mipangilio ya nguvu ya Windows, kwenye ile paneli ya zamani ya udhibiti: ingia sehemu ya kubadilisha mpango wa stima kwa kina, tafuta usimamizi wa prosesa, kiwango cha juu kabisa. Utakuta asilimia 100. Andika 99, kote kuwili, penye betri na penye chaja. Hiyo moja inayopungua inaizuia prosesa kupandisha ile kasi ya ziada ya turbo. Kama yako ni i5-6300U, badala ya kuruka hadi 3.0 GHz itatulia kwenye 2.4. Kwa kuandika maneno na kusikiliza sauti hutaona tofauti kubwa, lakini kwenye joto utaiona usiku huohuo. Huku si kumfunga feni mikono, kama anavyotaka kijana wa jirani. Unapunguza moto wenyewe.

Cha pili ni cha HP za kazi kama yako. Zima mashine, iwashe ukibonyezabonyeza F10 hadi ufike kwenye Bayosi, mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, uingie kwenye mipangilio ya vifaa vilivyojengewa ndani. Humo kuna mstari unaosema feni iwe inazunguka siku zote chaja ikiwa imechomekwa. Mashine nyingi zinazotoka maofisini huja mstari huo ukiwa umewekwa alama. Uondoe, uhifadhi, utoke. Ikiwa tatizo lako lilikuwa feni isiyonyamaza hata mashine ikiwa baridi, huenda ukalimaliza hapo bila kutoa shilingi. Ikiwa kuna joto la kweli, feni bado itazunguka inapohitajika, kwa hivyo huharibu kitu.

Kuhusu kitanda. Hukusema, lakini anayefanya kazi usiku watoto wamelala mara nyingi huwa juu ya godoro, mashine ikiwa kwenye blanketi. Feni hunyonya kutoka chini. Blanketi limeziba pua, na nyuzi zake ndizo zinazolisha lile gamba. Tafuta ubao, sinia lililogeuzwa, hata kitabu kigumu kikubwa. Gundisha vizibo viwili vya soda chini ya pembe za nyuma za laptopu, upate nafasi ya hewa. Vile vibao vyenye feni vinavyouzwa mjini vinasaidia kidogo kwa mashine iliyo safi, na havisaidii chochote kwa iliyoziba, kwa hivyo hiyo pesa iwekee pesti.

Ukienda kwa fundi, kaa pale akifungua. Anayekataa usikae, nenda kwa mwingine. Kazi hii inafanyika kwa saa moja. Kabla hajaifungua piga picha ya RAM (kumbukumbu ya mashine), diski na betri pamoja na namba zake, kwa sababu kuna vitu hubadilishwa mteja akienda kunywa chai. Mwambie hivi: "Nataka feni itolewe, mapezi yasafishwe kwa ndani, na pesti hii iwekwe." Akikujibu kwamba kupuliza kunatosha, umeshajua. Skurubu azipange kwa mpangilio wa zilikotoka, maana mara nyingi hazilingani urefu, na ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa bodi. Mwishoni, kabla hujalipa, iwashe, fungua video ya YouTube kwa dakika kumi na tano ukiangalia HWiNFO.

Usiweke pesa nyingi zaidi ya hapo kwenye mashine hii. Prosesa za kizazi cha sita, kama yako, hazimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, na Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Usafi na pesti, ndiyo. Feni mpya, ndiyo. Bodi mpya, hapana. Pesa hiyo iwe mwanzo wa mashine ya kizazi cha nane au zaidi. Kwa kuwa kazi yako ni ya kuandika na kusikiliza, fikiria pia kuihamishia Linux Mint, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, ambayo bado inapata masasisho na ni nyepesi kwa prosesa ya zamani. Uhakikishe kwanza kwamba programu ya wateja wako inafunguka kwenye kivinjari.

Niandikie ukishafanya jaribio la tishu. Nataka kujua ilipepea vipi, upepo ulikuwa wa moto au vuguvugu, na nyuzi ngapi ulizisoma ukiwa kwenye kazi yako ya kawaida kabla na baada ya kuweka ile 99. Ukiwa na majibu hayo nitakuambia kama Jumamosi ununue pesti peke yake, au utoke na namba ya feni mfukoni.